Kuwaandaa zimamoto kwa moto wa haidrojeni: shajara ya mradi, wiki ya 1 mpaka ya 12

Wiki ya 1

Nimeamua kuandika kila wiki, maana nikisubiri mradi uishe nitakumbuka yaliyoenda vizuri tu, na yaliyoenda vibaya ndo yenye faida kwa mwingine. Kazi yenyewe ni hii: tuna miezi mitatu kutengeneza mafunzo ya siku mbili kwa zimamoto, watu wa ambulensi na trafiki, ili siku wakiitwa kwenye gari, basi au kituo cha kujazia haidrojeni wajue wanafanya nini na warudi nyumbani wazima. Tuko wanne, wawili ni zimamoto wa miaka mingi, mmoja fundi wa gesi, na mimi wa kupanga na kuandika.

Siku ya kwanza tulikaa na kundi dogo la zimamoto tukawauliza tu, ukisikia haidrojeni unafikiria nini. Karibu wote wakataja Hindenburg, ile ndege ya puto iliyoungua Lakehurst, Marekani, tarehe 6 Mei 1937. Watu 36 walikufa pale, si jambo dogo. Ila picha iliyobaki vichwani mwao ni moto mkubwa mwekundu angani, na hiyo picha ndo itamponza mtu, manake ule wekundu ulitokana na gamba la ndege na vitu vingine vilivyokuwa vinaungua humo. Haidrojeni ikiungua peke yake mchana kweupe karibu huoni kitu.

Hapo nikaona kazi yetu si kuongeza maarifa tu. Zimamoto amefundishwa miaka yote kuamini macho yake, pua yake na ngozi ya uso wake, akiona moshi anajua, akisikia harufu ya gesi anajua, joto likimpiga usoni anasimama. Gesi hii inamnyang'anya vyote vitatu. Haina rangi, haina harufu, na moto wake hautoi joto jingi la kukupiga ukiwa mbali kama moto wa petroli, unafika karibu kabisa ndo unagundua uko ndani yake.

Wiki ya 2

Tumebishana karibu wiki nzima kuhusu kemia iwe kiasi gani. Fundi wetu alileta slaidi 60, nzuri kwelikweli, lakini mtu aliyetoka zamu ya usiku hawezi kubeba slaidi 60. Tukakubaliana ibaki ile namba ambayo mtu akiijua inabadilisha anachofanya kwa mikono yake, basi.

Zilizobaki ni chache. Haidrojeni inashika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, upana ambao gesi nyingi hazina, kwa hiyo ile hesabu ya "imeshakuwa nyingi mno haiwezi kuwaka" usiitegemee. Cheche inayotosha kuiwasha ni kama milijuli 0.02, mvuke wa petroli unahitaji zaidi ya mara kumi ya hapo, yaani swichi ya taa, simu, hata stetiki ya nguo inatosha. Na ni nyepesi kuliko hewa mara 14 hivi, inapanda juu haraka na kutawanyika, jambo ambalo nje kwenye uwazi ni rafiki yako na ndani ya jengo ni adui, maana inajikusanya darini.

Wengi waliuliza kwa nini haitiwi harufu kama gesi ya kupikia. Swali zuri. Dawa za harufu zinaharibu seli za fueli, yaani kile kifaa kinachogeuza haidrojeni kuwa umeme wa gari, na pia molekuli zake ni nzito, haziwezi kukimbia pamoja na gesi nyepesi namna hiyo. Kwa hiyo pua tumeiweka pembeni kabisa.

Tukatengeneza hesabu moja ya ubaoni ambayo naona imekaa vizuri. Chukua gereji ya gari moja, mita 6 kwa 3, kimo mita 2.5, hiyo ni mita za ujazo 45. Asilimia 4 yake ni mita za ujazo 1.8, na hiyo kwa haidrojeni ni gramu 150 tu. Gari dogo la haidrojeni linabeba kama kilo 5. Nilipoandika ile 150 ubaoni chumba kilinyamaza, na mimi mwenyewe nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea nukta.

Wiki ya 3

Wiki ya kusoma ajali. Mwaka 2019 kulikuwa na kipindi kibaya sana, siku 18 tu na matukio matatu: Mei 23 tanki lililipuka Gangneung, Korea Kusini, watu 2 wakafa na 6 kuumia, oksijeni ilikuwa imeingia kwenye tanki la haidrojeni. Juni 1 mlipuko Santa Clara, California, kwenye sehemu ya kujazia trela za gesi. Juni 10 kituo cha kujazia magari kule Kjørbo, Sandvika, nje ya Oslo. Hicho cha Norwei ndo tumekichagua kuwa somo la saa nzima, kwa sababu chanzo kilikuwa kidogo mno, plagi moja ya tanki la presha kubwa ambayo bolti zake za ndani hazikukazwa inavyotakiwa. Gesi ikavuja, ikawaka, ikapiga. Watu wawili waliokuwa kwenye gari jirani waliumia kidogo, na walioumizwa si na moto, ni eabegi za gari lao zilizofunguka kwa wimbi la mlipuko. Barabara kuu za E18 na E16 zikafungwa. Nataka trafiki waisikie hii sehemu zaidi kuliko wote, kwa sababu mara nyingi wao ndo wanafika kwanza na wanasimamisha gari lao mita 20 kutoka tukio.

Fukushima, kile kituo cha nyuklia cha Japani, nayo imeingia, ingawa mmoja wetu aliona haihusiani na magari. Tarehe 12, 14 na 15 Machi 2011 majengo ya vinu yalilipuka kwa haidrojeni iliyojikusanya juu, ndani. Kwangu mimi cha kufundisha ni hiki: mlipuko wa tarehe 12 uliharibu nyaya za umeme na mipira ya maji ambayo watu walikuwa wametoka kuitandaza kwa tabu kubwa. Ukipanga vifaa vyako karibu na jengo lenye gesi darini, umevipanga ndani ya tukio lenyewe.

Wiki ya 4 na 5

Hapa tumeumia. Tulinunua ditekta sita za gesi zinazowaka, kwa bajeti ndogo tuliyonayo, na muuzaji akatuhakikishia zinasoma gesi zote. Zimefika, nzuri, nyepesi, betri inakaa. Fundi akachukua mtungi mdogo wa gesi ya majaribio yenye haidrojeni asilimia 2, yaani nusu ya kiwango cha kushika moto, akaielekeza kwenye ditekta ya kwanza. Sifuri. Tukadhani vali haijafunguka. Ya pili, sifuri. Ya tatu sifuri. Akaweka methani, zote zikapiga kelele mara moja.

Kumbe ni za infraredi. Haidrojeni haifyonzi mwanga wa infraredi kama methani na propani zinavyofanya, kwa hiyo kwa ditekta ya aina hiyo haipo kabisa, unaweza kuizamisha kwenye haidrojeni tupu ikaendelea kukuonyesha sifuri ya kijani. Nimekaa nikaifikiria ile sifuri ya kijani mkononi mwa kijana anayeingia gereji saa nane usiku. Sijalala vizuri siku hiyo, sioni aibu kulisema.

Tumezirudisha na kuchukua za aina ya kikatalisti, zinazoiunguza gesi kidogo ndani yake na kupima joto, zilizofanyiwa kalibresheni (kurekebishwa usomaji wake) kwa haidrojeni yenyewe, si kwa methani halafu ukazidisha kichwani. Alamu ya kwanza tumeiweka asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kushika moto, ambayo kwenye hewa ni asilimia 0.4. Na hili tukio limekuwa somo la kwanza la siku ya kwanza: kabla ya kuuliza ditekta inasoma ngapi, uliza inasoma nini.

Kuna kingine tumekipata humohumo. Zile ditekta za gesi nne ambazo vikosi vingi vinazo tayari, ile seli ya kaboni monoksaidi (CO) inasumbuliwa na haidrojeni, inaisoma kana kwamba ni kaboni monoksaidi. Kwa hiyo ukiingia sehemu isiyo na moto wala injini inayonguruma, na ditekta inalia CO, simama ujiulize kama kuna betri kubwa zinachajiwa au tanki la haidrojeni karibu. Afande mmoja aliposikia hivyo alitulia kidogo akasema, "Mwalimu, mimi hiyo nimeshaizima mara mbili nikidhani imeharibika."

Wiki ya 6

Mvua, likizo ya mmoja wetu, vibali vya uwanja vimechelewa. Tumechapisha kadi za mfukoni na hakuna zaidi.

Wiki ya 7

Wiki niliyoingoja. Wataalamu wa gesi walikubali kutuonyesha moto wa haidrojeni halisi kwenye uwanja wao, mdogo, bomba la chuma kimo cha kiuno, mlipuko wa presha hakuna, umbali umepimwa na kila mtu ana mavazi kamili. Saa sita mchana, jua kali, makusudi.

Wakawasha. Tukasikia mvumo kidogo, fyuuu. Hakuna aliyeona kitu. Watu 14 wamesimama wanaangalia bomba, mmoja akauliza limewaka au bado. Limewaka dakika nzima. Ukiangalia chini kwenye saruji unaona kivuli kinachotetemeka, kama kile cha juu ya lami siku ya joto, basi, hapo hewani penyewe ni pasafi kabisa.

Mkufunzi akachukua fagio la mti mrefu, la nyuzi kavu, akanyoosha mbele yake na kutembea polepole sana kuelekea bombani, fagio limetangulia. Hatua ya kwanza kitu hamna. Ya pili hamna. Ya tatu nyuzi zikawaka ghafla hewani, rangi ya chungwa, katikati ya mahali ambapo macho yote 28 yalikuwa yanasema pako tupu. Dada mmoja wa ambulensi alirudi nyuma mwenyewe bila kuambiwa. Mbinu ya fagio si ya kubuni, imeandikwa hata kwenye mwongozo wa dharura wa Marekani Kaskazini kwamba kama huna kamera ya joto tumia kitu kama mpini wa fagio kuutafuta moto wa haidrojeni, lakini kuisoma ni kitu kimoja na kuona nyuzi zinawaka kwenye uwazi ni kingine kabisa.

Halafu tukawapa kamera ya joto. Kwenye skrini moto uleule umesimama mrefu, mweupe. Wakawa wanainua kamera na kuishusha, inua, shusha, hawaamini. Nikawaacha wafanye hivyo muda mrefu kuliko ratiba ilivyosema, dakika 15 badala ya 5, na sijutii.

Wiki ya 8

Magari. Hapa kuna mambo mengi na nimeandika upya mara nne.

Magari madogo yanabeba gesi kwa presha ya baa 700, mabasi mengi baa 350 na matanki yao mara nyingi yako juu ya paa. Tanki ni la nyuzi za kaboni na ndani plastiki, gumu sana kwa kugongwa, ila lina vali ya usalama inayofunguka kwa joto, karibu digrii 110, ili gesi itoke kabla tanki halijapasuka. Ikifunguka inatoka mara moja na mara nyingi inawaka hapohapo, mwali wa mita kadhaa na kelele ya kutisha, dakika chache imekwisha. Zimamoto asiyejua akiona vile anadhani gari limelipuka na anakimbilia kuuzima. Usiuzime. Huo mwali ndo gari linajiokoa. Ukiuzima na gesi bado inatoka umetengeneza wingu lisiloonekana linalosubiri cheche, na safari hii litawaka lote kwa pamoja. Linda vilivyo jirani, poza, ngoja iishe.

Hatari kubwa iko kinyume, yaani pale vali haijafunguka na tanki linaungua upande mmoja. Nyuzi za kaboni hazipitishi joto vizuri, kwa hiyo moto unaweza kula tanki mwisho huu na vali iliyoko mwisho ule haijasikia kitu. Kuna jaribio lililofanywa Marekani kwa tanki lililoondolewa vali makusudi, likapasuka baada ya dakika 6 na nusu hivi za moto. Linganisha hizo dakika na muda wenu wa kufika, nikawaambia, na hakuna aliyejibu. Ndo maana maji yasiyo na mpango nayo ni tatizo: ukiipoza vali huku mwili wa tanki unaendelea kuungua chini, umeizuia kufanya kazi yake.

Ikawa zamu ya swali ambalo nilijua linakuja. Afande wa kike, wa miaka mingi kazini, akanyoosha mkono: "Na kama kuna mtu ndani?"

Sikutaka kumpa jibu la kitabuni. Tulilijadili saa nzima na tulichokubaliana ni hiki: moto ukiwa bado ni mdogo, ndani ya kebini au mbele, uvamie haraka na maji mengi kama gari lolote, maana kuuzuia usifike kwenye matanki ndo kumwokoa mtu na kujiokoa. Njoo kwa pembeni kwa pembe, usipite nyuma kwa sababu kwenye magari mengi madogo vali inatoa gesi chini kuelekea nyuma. Weka kabari kwenye magurudumu kwanza, gari hili halina sauti, linaweza kuwa limewashwa na hujui. Zima, shusha vioo na sogeza viti kama bado kuna umeme, halafu ndo ukate betri ndogo ya volti 12, vali za matanki zinafunguliwa kwa umeme kwa hiyo ukikata zinajifunga. Waya za rangi ya chungwa usiziguse, kuna betri ya volteji kubwa pia. Na kama moto umeshazunguka matanki na hujasikia ule mvumo, kamanda ndo anaamua, na anaamua akijua anachoweka mezani. Yule afande aliandika yote. Mwisho akasema tu, "Sawa, angalau sasa najua nachagua nini."

Wiki ya 9

Zoezi kamili la kwanza, na makosa mawili yetu sisi wenyewe.

La kwanza, tulitumia propani kuigiza moto wa gari kwa sababu ndo inayoruhusiwa uwanjani. Moto ukawa mkubwa, wa njano, unaonekana kutoka getini, na wanafunzi wakaupiga vizuri sana. Tumewafundisha kitu kibaya kwa saa mbili. Jioni tukabadilisha: hakuna moto kabisa, mkufunzi ana rimoti, kwenye lami kuna mstari usioonekana anaoujua yeye tu, na ukiuvuka bila fagio wala kamera unaitwa jina unatoka. Raundi ya kwanza walitoka 9 kati ya 12. Raundi ya tatu alitoka 1.

La pili ni kelele. Tulipiga sauti ya gesi inayotoka kwa presha kwenye spika kubwa, wote wana vizuia sauti masikioni, na redio zikawa hazina maana. Kamanda anapiga kelele rudini, rudini, watu wanaendelea mbele. Hatukuwa na ishara ya mkono ya "ondoka" inayofanana kwa zimamoto, ambulensi na trafiki, kila mmoja ana yake, na ya trafiki ya "simama" kwa zimamoto mmoja ilimaanisha "leta maji". Tumetunga tatu tu, ondoka, simama, nifuate, na zinafanywa kwa mikono yote miwili juu ya kichwa ili zionekane ukiwa na helmeti.

Wiki ya 10

Siku ya trafiki na ambulensi. Kwao nimeweka mkazo kwenye bango la chungwa la lori, kulisoma ukiwa mbali kwa darubini. 23 juu na 1049 chini ni haidrojeni ya presha. 223 juu na 1966 chini ni ya kimiminika, digrii 253 chini ya sifuri, na hiyo ina mambo yake, usimwagie maji kwenye bomba lake la kutolea hewa kwa sababu yataganda barafu na kuliziba, na tanki lililozibwa linapanda presha. Umbali: ikivuja mita 100 kila upande kwa kuanzia, lori la tanki likiwa kwenye moto mita 1,600. Trafiki mmoja alipiga hesabu akasema hiyo ni kufunga mji. Ndiyo, ni kufunga mji, na ndo maana aamue yeye mapema asisubiri kuambiwa.

Wiki ya 12

Kundi la kwanza limemaliza wiki iliyopita, zimamoto 24, ambulensi 8, trafiki 6. Ditekta zote sita zimerudi kutoka kalibresheni na kila moja ina stika ya gesi iliyopimiwa.

Jana usiku nimepigiwa simu na yule afande wa ditekta "iliyoharibika". Waliitwa ghala moja, mlinzi anaumwa kichwa, wafanyakazi wamesema labda ni jenereta, ila jenereta ilikuwa imezimwa tangu mchana. Ditekta yake ya gesi nne ikaanza kulia CO alipokaribia chumba cha kuchajia betri za foklifti, feni ya juu imekufa, mlango umefungwa. Mwenzake akanyoosha mkono kwenye swichi ya taa. Akamshika mkono. Wakatoka, wakakata umeme wa chumba kwenye swichi kuu nje ya jengo, wakaita ditekta ya haidrojeni, wakafungua madirisha ya juu kwa nje kwa mti mrefu, na mlinzi akapelekwa kwa ambulensi apimwe. Ditekta yetu ilionyesha asilimia 30 ya kiwango cha chini pale juu ya mlango. Walikaa nje dakika 40 wakiisoma kila baada ya dakika 5, mpaka ikafika sifuri, na hiyo sifuri akaniambia aliijaribu kwanza kwa mtungi wa majaribio kabla hajaiamini.